Shingo ya Fundi Saa

Kola ya shati haikuwa na siri mbele ya mke wa fundi saa. Alikuwa dobi, na kwa miaka yote aliyosimama nyuma ya pasi alikuwa amezisoma kola za mtaa mzima: nani ametokwa na jasho la homa, nani anapaka rangi nywele na kujitia bado kijana, nani analala kwa mama yake siku hizi. Hakuwa mmbeya. Aliyoyaona aliyameza, akayanyoosha pamoja na shati, akayakunja na kumrudishia mwenyewe. Wanawake wenzake walimsifu kwamba ana kifua. Ni kweli, lakini hizo zilikuwa kola za watu. Ilipofika mezani kola ya mumewe, kifua chote kilimwishia.

Ilikuwa Alhamisi jioni. Fundi saa aliingia ndani kipara kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, akavua viatu bila kuinama, akaketi polepole. Kichwa alikuwa amekishikilia wima kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji bila ngata.

"Umechelewa," mkewe alisema.

"Nilipitia kwa shemeji. Si unajua leo ndiyo siku yangu ya kunyolewa."

Alilisema hilo bila kupepesa macho, na hicho ndicho kilichomuudhi dobi kuliko uongo wenyewe. Maana shemeji aliyetajwa, yaani kaka yake dobi, hakunyoa hata unywele mmoja siku hiyo. Mtaro mbele ya kibanda chake cha kunyolea ulikuwa umefukuliwa tangu asubuhi, uvundo ukamfukuza yeye na wateja wake, naye akaja kukaa kwenye benchi la udobi kutwa nzima akingoja makoti yake meupe yakauke. Alikuwa ameondoka muda si mrefu. Na hapo alipokaa alikuwa amenuna kweli kweli, midomo imemtoka mbele.

"Watu siku hizi hawana haja na sisi vinyozi," alikuwa amesema akiutazama ukuta. "Wananyolewa majumbani."

Dobi hakumtilia maanani wakati ule. Kaka yake alikuwa bingwa wa kununa. Angeweza kununa kwa sababu mvua imenyesha bila kumwuliza. Lakini sasa, akiwa amesimama mbele ya kipara kibichi cha mumewe, maneno yale yalimrudia. Majumbani. Nyumba gani? Maana nyumba hii haikuwa na wembe.

Alimwambia mumewe avue shati aliloweke, naye akalivua kwa taabu, akisaga meno alipolipitisha shingoni. Dobi alikwenda nalo uani, akaigeuza kola, akaisogeza puani.

Poda. Poda laini nyeupe, imejipenyeza kwenye mshono wa kola. Juu yake harufu tamu ya manukato, tamu ya kukera. Kaka yake hakuwa na mambo hayo. Yeye akimaliza kunyoa hukupaka jiwe la shabu na spiriti, ukaruka, kazi imekwisha. Huyu aliyeshughulika na kichwa cha mumewe alikuwa na poda na manukato, na alikuwa na muda wa kuvipaka taratibu. Dobi alimwona kabisa, mikono yake laini, kucha zake, anakiegemeza kile kichwa kifuani na kukipitishia wembe huku anacheka.

Mtu atauliza, kwa nini hakuwaza jambo la karibu zaidi, kwamba mumewe amekwenda kwa kinyozi mwingine? Hakuwaza, na hakuna mtu wa ukoo ule ambaye angewaza. Kaka mtu ndiye aliyemnyoa bwana harusi asubuhi ya ndoa yao, bure, mbele ya wajomba, na tangu siku hiyo kile kichwa kilikuwa chake. Alikikata mara nyingi, ndiyo, maana alikuwa akinyoa huku anahutubia, na wembe ulifuata hotuba. Lakini kumwacha shemeji yako na kwenda kukaa kwenye kiti cha mtu mwingine! Mume anaweza kuteleza akaenda kwa mwanamke; wanaume wameumbwa hivyo, dobi alikuwa ameziona kola zao. Kwa kinyozi mwingine? Huo ungekuwa ufedhuli.

Kesho yake fundi saa hakwenda kazini. Alisema kichwa kinamuuma kwa nyuma, huku chini ya kisogo, upande wa kulia, maumivu ambayo hajawahi kuyapata tangu azaliwe. Shingo haigeuki.

"Kwa nini iwe leo?" dobi aliuliza.

"Nimelala vibaya."

"Ulilala vibaya kabla hujalala? Maana jana uliingia nayo."

"Mke wangu, niache nipumue."

Kwa kweli shingo yake ilikuwa mbovu tangu zamani. Kazi ya saa ni ya kuinama. Kutwa lenzi imebanwa jichoni, kidevu kifuani, anatafuta skrubu ndogo kuliko chawa. Jioni nyingi alirudi shingo imekakamaa. Lakini hii ilikuwa nyingine, na dobi aliiona kuwa nyingine, na kadiri alivyoiona ndivyo hasira ilivyompanda. Amefanywa nini huko mpaka arudi hivi? Walikuwa wanacheza mieleka?

Hata hivyo alikuwa mkewe. Alimpeleka hospitali. Kaka yake, alipopata habari, akaja na pikipiki yake kuwafuata nyuma, kwa kuwa shemeji akiugua ni lazima uonekane. Ndivyo wote watatu walivyojikuta katika chumba cha daktari.

Daktari alikuwa mwanamke mpole mwenye sauti ya chini na mikono isiyo na haraka. Alimwangalia fundi saa macho, akamwambia afuate kidole chake, aguse pua, atembee kwa mstari hadi mlangoni na kurudi. Vyote alivifanya. Picha ya eksirei ya shingo ilikuwa imebandikwa kwenye kioo chenye taa.

"Mifupa iko salama," daktari alisema. Juu ya meza alikuwa na fuvu la plastiki lililosimama juu ya kipande cha uti wa mgongo, akalivuta karibu ili wote waone. "Shingo ina pingili saba. Hii ya juu kabisa ni kama pete, ndiyo imebeba fuvu lote. Ya chini yake ina kidole hiki kinachosimama ndani ya pete, ndiyo maana tunaweza kugeuza kichwa kukataa jambo." Akaligeuza lile fuvu kushoto na kulia, likakataa. "Katikati hapa unapita uti wenyewe unaobeba habari za ubongo kwenda mwilini. Na pembeni, mnaona vitundu hivi? Humu hupanda mishipa miwili ya damu hadi nyuma ya ubongo. Picha hii inanionyesha mifupa tu, mishipa haionyeshi. Kwa hiyo nahitaji msaada wako, mzee. Umeanguka?"

"Hapana."

"Umegongwa na kitu? Umejitwika mzigo? Kuna mtu amekuvuta kichwa au kukupinda shingo kwa nguvu, hata kwa mchezo?"

Macho ya fundi saa yalitoka kwa daktari, yakamtembelea shemeji yake aliyesimama mlangoni, yakarudi haraka sakafuni. "Hapana, daktari. Nililala vibaya."

Dobi aliyaona yale macho. Loo, aliyaona! Akageuka kumtazama kaka yake, akamkuta anakikodolea kisogo cha mgonjwa, taya limekaza, kisha akainua macho na kumtazama yeye dobi. Ulikuwa mtazamo mzito, wa mtu mwenye jambo analolijua. Basi ikawa wazi kwake. Wamoja hawa. Kaka yake anamjua huyo mwanamke, labda hata jina, na ndiyo maana alisema yale ya kunyolewa majumbani, kumchimba huku akijidai analalamika. Amekula njama dhidi ya dada yake wa tumbo moja!

"Kuna mwingine humu ndani mwenye la kuongeza?" daktari aliuliza. "Lolote, hata kama linaonekana dogo."

Dobi alikuwa nalo. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: jana huyu hakuwa alikosema alikuwa, na amerudi ananukia. Lakini aseme hivyo mbele ya mwanamke mgeni aliyevaa koti safi, lililopigwa pasi vizuri? Mbele ya kaka yake, ambaye anajua na anamcheka moyoni? Kwa aibu akalimeza lile neno.

"Hakuna," alisema.

Kinyozi naye alitikisa kichwa, hakuna.

Daktari aliwatazama mmoja mmoja. Aliandika dawa ya maumivu. Kisha akasema kwa mkazo kwamba mgonjwa akianza kuona kizunguzungu, au vitu viwili viwili, au akiyumba upande mmoja, sauti ikibadilika, kumeza kukawa shida, wasingoje kukuche wala kuchwe, wamrudishe mara moja. Dobi aliitikia ndiyo kwa kila neno, ila masikio yake yalikuwa mbali.

Jumamosi asubuhi fundi saa aliamka na kwikwi. Haikukatika. Alipokwenda kuoga alitoka akilalamika kwamba maji ni ya moto mkono mmoja na ya baridi mkono wa pili.

"Ndoo moja?" mkewe alimuuliza.

"Ndoo moja. Ajabu, eh?"

Dobi alimkata jicho. Mtu akishaanza kudanganya, aliwaza, hata maji ya kuoga anayasingizia. Akamwekea chai. Fundi saa alipiga funda la kwanza, likamwendea vibaya, akakohoa mpaka machozi yakamtoka na chai ikamrudia puani.

"Umepaliwa," dobi alisema. "Kuna anayekutaja huko."

Hakuwa anatania. Alilisema kwa uchungu wote aliokuwa nao, na alifurahi kumwona mumewe anainua uso kwa mshangao. Kisha akajifunga khanga, akampigia kaka yake simu aje akae na mgonjwa, kwa kuwa yeye ana nguo za kuwapelekea wateja. Hakuwa na nguo za mteja yeyote. Kaka mtu alipofika, dobi alimpita mlangoni bila salamu ya maana, na kinyozi naye akamjibu kwa mguno. Ndugu wawili wa baba na mama, wanapishana kama paka waliokutana juu ya ukuta.

Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha mumewe. Kilikuwa kimefungwa, lakini ubavuni mwake alikaa muuza miwani, mwanamke mnene mwenye moyo mkunjufu aliyevaa miwani ya kuuza ili watu waone inavyopendeza.

"Shemeji anaendeleaje?" muuza miwani aliuliza. "Tumesikia shingo."

"Hajambo kidogo. Ati dada, Alhamisi alitoka saa ngapi hapa?"

"Alitoka mapema, kama kawaida yake ya Alhamisi."

Kama kawaida yake. Dobi alitabasamu, na tabasamu hilo lilimgharimu. "Na huwa anaelekea wapi vile? Nimesahau kuna kitu alisema nimchukulie huko."

"Si kule nyuma ya kituo cha mafuta? Kwenye mlango wa kioo wenye pazia la waridi. Miezi sasa. Huwa anarudi hapa ananukia hadi mimi naomba aniambie anapaka nini, kisha ananawa shingo na kusugua kola kwa maji kabla ya kwenda nyumbani; juzi tu hakurudi." Muuza miwani akacheka, halafu akaona uso wa dobi, kicheko kikamfia.

Pazia la waridi! Dobi alikwenda kwa miguu, na njia nzima alikuwa anapanga maneno. Ataanza kwa upole. Atasema, nimekuja kuchukua kilicho changu. Hapana, atamwambia, dada, kile kichwa unachokinyoa kina mwenyewe. Akiwa mrefu atamtazama hivi, akiwa mfupi vile. Na ndani kabisa, chini ya hasira zote, alikuwa anaogopa. Alimpenda yule mzee wa saa. Alimpenda na uongo wake, na asingejua aende wapi kama kweli kuna mtu nyuma ya pazia lile.

Alilisukuma pazia kama mtu anayefumania.

Ndani mlikuwa na viti vitatu vya kunyolea, vioo vitatu, na redio. Taulo zilikuwa zinafuka mvuke kwenye sanduku la bati. Juu ya rafu ilisimama chupa ya manukato, na puani mwake ile harufu ikaingia kama mtu anayefahamiana naye. Mwanamke hakuwapo. Alikuwapo kijana mmoja wa miraba minne, mikono mitupu hadi mabegani, amesimama nyuma ya mteja mwenye povu sikioni.

Kinyozi mwingine. Dobi aliganda pale pale. Alijisikia mjinga, halafu furaha ikamjia ghafla kama pumzi ya mtu aliyezamishwa majini, halafu juu ya furaha ikaja hasira mpya: tangu lini? Kaka akijua! Akaanza hata kucheka peke yake.

"Karibu dada, pumzika hapo, namalizia huyu," kijana alisema.

Alimfuta mteja povu, akampiga poda shingoni kwa brashi, akampaka manukato. Kisha akaweka mkono mmoja chini ya kidevu na mwingine nyuma ya fuvu, akakizungusha kile kichwa taratibu, mara moja, mara mbili, kana kwamba anambembeleza. Na bila kuonya akakipinda kwa nguvu upande wa kulia.

Ka!

Sauti ilisikika juu ya redio. Mteja alifumba macho, akaachia pumzi ndefu ya raha. Kijana alikamata tena, akapinda kushoto. Ka!

Kicheko cha dobi kilikatika. Aliliona lile fuvu la plastiki juu ya meza ya daktari, na pete yake, na vile vitundu pembeni. *Kuna mtu amekuvuta kichwa au kukupinda shingo kwa nguvu, hata kwa mchezo?*

"Fundi saa," alisema, na sauti yake hakuitambua. "Mzee mwenye kipara. Naye unamfanyia hivyo?"

"Yule mzee wangu wa Alhamisi? Huyo ndiye mpenzi wa hii kitu!" Kijana alinawiri uso mzima. "Shingo yake ngumu, kazi ya kuinama. Wiki hii ya kulia iligoma, nikairudia kwa nguvu mpaka ikalia. Hajambo? Mbona umesimama hivyo, dada? Kaa basi."

Hakukaa. Alikuwa ameshatoka nje, simu sikioni, na kaka yake akapokea kabla haijalia mara ya pili.

"Uko wapi wewe?" kinyozi alifoka, lakini mlikuwa na hofu ndani ya kufoka kwake. "Njoo. Amesimama akaanguka upande wa kulia. Namsimamisha, anaanguka upande ule ule. Jicho moja limelala na sauti imemkauka, anaongea kama mtu amemezwa na pipa."

"Usimguse shingo! Kaka, usimguse shingo, mlaze. Ita gari, nakuja hospitali."

Daktari alikuwa yule yule. Dobi alimkuta mlangoni mwa chumba cha dharura, mgonjwa ameshaingizwa ndani, kinyozi amesimama nje na koti lake jeupe likiwa na matapishi kifuani. Hapakuwa tena na nafasi ya kuchagua maneno wala ya kumwita daktari pembeni. Ilibidi aseme pale pale, mbele ya kaka yake.

"Alikuwa kwa kinyozi. Alhamisi. Kinyozi mwingine, si huyu. Alimpinda shingo mara mbili, ya kulia akairudia kwa nguvu. Nimemwona kwa macho yangu anavyofanya."

Daktari alifanya mambo kwa haraka: akaita watu, akaagiza picha nyingine, safari hii ya mishipa, akaagiza dawa. Aliporudi kwao baadaye aliwaelezea akiwa amesimama. Ule mshipa unaopanda kupitia vitundu vya pingili hujikunja karibu na ile pete ya juu kabla ya kuingia ndani ya fuvu. Kichwa kikipindwa ghafla, utando wake wa ndani unaweza kuchanika. Mtu haanguki siku hiyo. Anasikia maumivu tu, ya shingo na kisogo. Damu inaganda taratibu pale palipochanika, kisha kipande kinachukuliwa na mkondo hadi kwenye shina la ubongo. Ni kiharusi, alisema. Ataishi, kwa matumaini aliyonayo sasa. Kumeza, sauti, kusimama, hayo watayapigania.

"Na jana?" dobi aliuliza. "Kama ungelijua hili jana?"

Daktari hakutaka kulijibu, ilionekana. "Ningeipiga picha mishipa jana," alisema mwishowe. "Ningempa jana dawa ya kuzuia damu kuganda. Siwezi kuapa kwamba isingetokea. Lakini ningejaribu." Akawaacha kwenye benchi la korido.

Walikaa. Kinyozi alikuwa ameikutanisha mikono yake katikati ya magoti.

"Nilijua," alisema.

Dobi aligeuka.

"Jana, mle ndani. Nilikiona kisogo chake. Dada, mimi nimekinyoa kisogo kile tangu ndoa yenu, nakijua kuliko kiganja changu. Ule ukingo wa chini ya masikio ulikuwa kazi ya kinyozi, tena kinyozi mzuri. Yeye alikuwa ameniambia siku hizi unamnyoa wewe nyumbani. Nikajua hapo hapo kwamba ananizunguka. Nikadhani na wewe umo, mmenificha wote wawili, mnanicheka." Alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Daktari alipouliza nikanuna. Nikasema moyoni, waseme wenyewe, wao si ndio wanaojua. Na wale vinyozi wa poda na manukato, wote wanapinda shingo. Hilo nalo nalijua. Mimi ninakataa siku zote, nawaambia wateja kichwa si kizibo cha chupa."

"Mimi nilidhani wewe ndiye unayejua," dobi alisema. "Nilidhani mnanificha mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Sijui. Mwenye poda."

Siku nyingine yoyote wangeangua kicheko mpaka wauguzi waje kuwafukuza. Badala yake kinyozi alimshika dada yake mkono, naye dobi akaanza kulia, bila sauti, mabega yakimtikisika. Watu watatu, aliwaza. Yule mama wa watu aliuliza vizuri kabisa, kwa lugha tunayoielewa, na watu watatu tukamwambia hakuna.

Fundi saa hakufa. Kwa wiki kadhaa alilishwa kwa mpira puani, na alipokalishwa kitandani alilalia upande wa kulia kama ukuta unaotaka kuanguka, hadi alipojifunza kujishikilia. Kijana wa pazia la waridi alikuja mara moja na begi la machungwa, akasimama mlangoni akilia, akasema hakujua, alifundishwa hivyo na aliyemfundisha. Kinyozi ndiye aliyempokea. Alimketisha nje na kumweleza kwa utulivu habari za pete na vitundu, na kijana akaapa mbele yake kwamba hatapinda shingo ya mtu tena.

Asubuhi moja mpira uliondolewa, na mgonjwa akaruhusiwa uji mzito, kidogo kidogo. Sauti ilikuwa imeanza kurudi, ya kukwaruza, lakini maneno yalisikika. Dobi alikuwa amevumilia majuma yote hayo. Aliliweka bakuli mapajani.

"Nikuulize kitu, na usinidanganye. Kwa nini hukuniambia mimi? Sikuulizi kuhusu kaka. Kaka nimeelewa. Mimi, mkeo. Kinyozi tu! Ungeniambia ningekasirika nini?"

Fundi saa alimtazama kwa jicho lililo wazi na lile lililolegea.

"Ungemwambia kaka yako," alisema.

Dobi alifungua kinywa kukataa. Alikiacha wazi hivyo hivyo, maana alikuwa amejitafuta ndani na hakukuta uongo wa kutosha. Angemwambia. Angemwambia siku hiyo hiyo, kabla nguo hazijakauka kambani, akijiona anatetea heshima ya ukoo, na kaka mtu angenuna mwaka mzima, na watu wote, yeye dobi akiwa wa mbele, wangeona ana haki.

Akakifunga kinywa. Akachota uji nusu kijiko, akaupuliza upoe, akamlisha mumewe polepole kwa upande ule ambao bado unameza.